Nyonga na Mazoea

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mgongo wa Uluguru, njia nyembamba zitokazo mlimani huwa zimekwisha kuamka. Watu hushuka kwa safu kuelekea mji wa Morogoro, aghalabu wanawake, kila mmoja na mzigo wake kichwani: mikungu ya ndizi, matenga ya mboga, matunda, kuni. Mji umelala kwenye kimo cha mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kiutazamacho mji kwa karibu, kimepita mita 2,100. Kati ya vimo hivi viwili uwanda ni haba. Kuna mteremko, nao hushukwa kwa mzigo mzito na kupandwa kwa mzigo mwepesi, kinyume cha vile ambavyo kiungo cha mwanadamu kingalichagua kama kingaliulizwa. Maana katika kushuka mtu hujizuia asianguke kwa kila hatua, na kazi ya kujizuia huliangukia goti na nyonga.

Mtu wa mjini aionapo safu hiyo husema neno moja, kisha huendelea na chai yake. Husema, "Wale wamezoea." Neno hilo halina ukali katika sauti. Mara nyingi husemwa kwa sifa, kama mtu asifuvyo mti uliostahimili kiangazi. Walakini ndani yake mna hukumu iliyovaa vazi la habari. Asemaye kwamba mwenziwe amezoea hudhani kuwa ameeleza hali ya mwili wa mwenziwe. Kumbe ametoa idhini kwamba hali hiyo iendelee. Waswahili wa zamani waliijua hila hii, ndipo waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mithali hiyo haisemi kwamba mzigo ni mwepesi. Yasema kwamba ni mwepesi machoni pa asiyeubeba.

Haki yataka neno lipimwe kwanza kwa ukweli uliomo ndani yake, na ukweli umo. Mwaka 1986 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wa ng'ambo juu ya wanawake wa Kenya wabebao mizigo. Wajaluo walibeba kichwani. Wakikuyu walibeba mgongoni kwa ukanda upitao juu ya paji la uso. Hewa waliyoitumia ilipimwa walipokuwa wakitembea, ikaonekana kwamba mzigo usiozidi sehemu ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nguvu, hali wanaume wa jeshi waliobeba mizigo mgongoni walilipa kwa kila kilo iliyoongezwa. Mwaka 1995 baadhi ya wachunguzi wale wale wakaeleza sababu: mwendo wa wanawake hao ulifanana na bembea ipandayo na kushuka, ambayo hupoteza nguvu kidogo kila ibadilishapo upande. Ni habari ya ajabu, na ni ya fahari. Ufundi uliodhaniwa kuwa si ufundi uliingia katika maabara ukatoka na heshima.

Lakini habari hiyo hupokewa kwa furaha kupita mipaka yake. Mwaka 2010 wachunguzi wengine walipowapima wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini hawakuiona nafuu hiyo kuwa kanuni ya wote. Mtu na mtu walitofautiana sana. Tena sehemu ya tano ya mwanamke mwenye kilo 55 ni kilo 11 tu, na mkungu mzuri wa ndizi hupita hapo kwa urahisi. Tena mwendo uliopimwa ulikuwa wa mahali tambarare, na Uluguru si tambarare. Na juu ya hayo yote, kilichopimwa ni pumzi. Pumzi ni shahidi mwaminifu wa uchovu wa leo; kwa uchakavu wa miaka 30 haina la kusema.

Shahidi wa uchakavu ni kiungo chenyewe. Nyonga ni kazi ya uhunzi mwema: kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja kimeingia katika kikombe cha mfupa wa kiuno kama mchi uliotuama kinuni, na baina ya mchi na kinu pametandikwa gegedu laini lililolowa ute. Mtu atembeapo uwanda bila mzigo wowote, misuli ya kiuno huvuta ili asipinduke upande, hata kiungo hubeba kadiri ya mara mbili na nusu ya uzito wa mwili mzima. Jambo hili halikutolewa kwa kubahatisha; huko Berlin madaktari walitia vipimo ndani ya nyonga za bandia, wakasoma nguvu hizo wagonjwa wakitembea na kushuka ngazi. Kwa hiyo kilo moja iliyowekwa kichwani haifiki nyongani ikiwa kilo moja. Hufika imeongezeka njiani, kama deni lililopita mikono mingi.

Sasa liulizwe neno "amezoea": ni nani aliyezoea hapa? Misuli huzoea, maana huongezeka nguvu. Mfupa nao huzoea kwa kiasi chake, maana hukaza pale upigwapo. Shingo hujifunza, mguu hujifunza, jicho hujifunza jiwe lipi li imara na lipi litateleza. Hata gegedu hupata faida kwa kazi ya wastani, na mtu akaaye kitini siku zote hajiwekei akiba yoyote. Walakini likichanika au likilika, gegedu halijiponyi vema kama ngozi ijiponyavyo, kwa kuwa halina mishipa ya damu. Wala halina mishipa ya fahamu. Laweza kupungua kwa muda mrefu pasipo kusema lolote, mpaka vilivyo kando yake, yaani mfupa na ngozi ya ndani ya kiungo, vianze kulia kwa niaba yake. Ikiwa ni hivyo, mambo mawili yamepewa jina moja. Misuli imezoea, gegedu limenyamaza. Mtazamaji hawezi kupambanua kimya na mazoea, kwa sababu kwa nje vyote viwili vina mwendo mmoja wa madaha.

Hapana haja ya kutia chumvi. Goti huchakaa mara nyingi kuliko nyonga. Baadhi ya uchunguzi wa karne ya 20 uliona ugonjwa wa kuchakaa kwa nyonga kuwa haba miongoni mwa Waafrika kuliko miongoni mwa Wazungu, na yamkini ni kweli. Umbo la mfupa, urithi wa damu, unene na majeraha ya utotoni yote yana sehemu yake. Kwa upande mwingine, uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1992 uliona kwamba wanaume walioshika kazi ya shamba zaidi ya miaka 10 waliugua nyonga kupita wenzao wa kazi nyingine, na kunyanyua vitu vizito kulitajwa miongoni mwa sababu zinazodhaniwa. Basi mzigo haumwangamizi kila aubebaye, wala haumwachi kila aubebaye. Hata hivyo uhaba wa ugonjwa haumpunguzii maumivu yule mmoja aliyepatwa nao. Mwanamke ashindwaye kuchuchumaa mbele ya mafiga yake hafarijiki kwa kusikia kwamba wenziwe ni wachache.

Yuko mtu mwingine ambaye nyonga yake huliwa vivyo hivyo, na ambaye hapana amwambiaye kwamba amezoea. Huyu ni mchezaji wa kuteleza juu ya barafu. Afrika Mashariki haina barafu ya asili ila ile ya vilele vya Kilimanjaro, Kenya na Ruwenzori, nayo si ya kuchezea, tena yazidi kupungua. Lakini mwaka 2005 hoteli ya Panari mjini Nairobi ilifungua uwanja wa barafu ya mashine, na tangu hapo mchezo huu si hadithi tupu katika nchi hizi. Mchezaji huvaa viatu vyenye ukingo wa chuma chini, huteleza, huzunguka kama pia, huruka hewani na kutua kinyumenyume juu ya mguu mmoja. Wengi huzungukia upande wa kushoto na kutua kwa mguu wa kulia, mamia ya mara kwa juma, na kila mtuo huipiga nyonga ile ile kwa nguvu ya mara kadhaa ya uzito wa mwili. Tara Lipinski wa Marekani alitwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki huko Nagano mwaka 1998 akiwa na miaka 15. Mwaka 2000, akiwa hajatimiza hata miaka 20, alipasuliwa nyonga. Rudy Galindo, bingwa wa Marekani wa mwaka 1996, alibadilishwa nyonga zote mbili mwaka 2003 baada ya mifupa yake kukosa damu, kisha akarudi barafuni.

Hao ni mabingwa, na bingwa hupewa udhuru na nishani yake. Wastahilio kutazamwa zaidi ni watu wazima wa kawaida, makarani na walimu na mafundi, waanzao mchezo huu au waurudiao baada ya ujana kupita. Tangu mwaka 2005 yapo mashindano yao ya kimataifa huko Oberstdorf, Ujerumani, ambayo hayamruhusu mtu aliye chini ya miaka 28. Hapana riziki itokayo humo. Mtu wa miaka 50 hulipia kuumia kwake. Na akienda kwa daktari na nyonga yenye uchungu, huulizwa maswali: Huruka mara ngapi kwa juma? Hutua kwa mguu upi? Uchungu huanza lini? Yuko tayari kupumzika mwezi mmoja? Na mwisho, aghalabu kwa mshangao, huulizwa swali kubwa kupita yote: kwa nini hasa anafanya jambo hili? Naye hujibu. Husema ni kwa ajili ya furaha, au kwa sababu juu ya barafu huusahau umri wake, au kwa sababu hakupata nafasi utotoni. Jibu lake laweza kuwa zuri au baya. Lakini limetafutwa, limesikilizwa, limeingizwa katika hesabu ya tiba yake.

Hapa ndipo tofauti ya watu hawa wawili ilipo, nayo si pale ipodhaniwa. Mtu angesema upesi kwamba mmoja ana hiari na mwingine hana, na shauri likaisha. Lakini hiari si kitu kilicho au kisicho, kama taa iliyowashwa au iliyozimwa. Mtoto wa miaka 12 aliyepelekwa barafuni kila alfajiri alikuwa na hiari ya kiasi gani? Na mwanamke wa Uluguru, ambaye katika ukoo wa Kiluguru ardhi hurithiwa kwa upande wa mama, aamuaye mwenyewe auze ndizi zipi, siku gani, kwa bei ipi, hana hiari hata kidogo? Ukitazama vema utaona kwamba wote wawili wanatumia mwili kununua kitu wanachokithamini. Kinachowatenga ni kwamba mmoja huulizwa sababu na mwingine huelezewa sababu. Mmoja ni mtu atendaye. Mwingine amehesabiwa pamoja na mandhari ya mlima.

Kuulizwa sababu ni heshima, hata swali likiwa la lawama. Mti hauulizwi kwa nini umeota mahali pake. Punda haulizwi kwa nini anabeba. Amwambiaye mwenziwe, "Kwa nini unafanya hivi?" amekwisha kukiri kwamba yule aweza kufanya vingine, na kwamba ndani yake yumo anayechagua, anayepima, anayejuta. Asemaye "amezoea" amelifunga swali kabla halijazaliwa.

Ajabu ni kwamba lugha ina silaha mbili za kuukwepa uchungu wa mwingine, na kila mmoja wa watu hawa amewekewa yake. Mtelezaji aliaye huambiwa kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Mchukuzi asiyelia hudhaniwa kuwa hana cha kulilia. Wa kwanza hunyimwa huruma kwa sababu alichagua. Wa pili hunyimwa kwa sababu hakuchagua. Basi ni nani atakayebaki wa kuhurumiwa? Kama hiari yaondoa haki ya kulia, na ukosefu wa hiari nao waiondoa, inakuwa dhahiri kwamba hiari haikuwa kipimo tangu mwanzo. Kipimo kilikuwa raha ya mtazamaji.

Watu wa Uluguru walikwisha kulijibu swali ambalo hawakuulizwa, na jibu lao limeandikwa katika historia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima hii, na sehemu yake kubwa ilikuwa kulazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: udongo usichukuliwe na maji, mito isikauke. Lakini kazi ilikuwa nzito, na mara nyingi tuta lililochimbwa lilileta juu udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakawa duni. Mwaka 1955 watu wa upande wa Matombo walikataa. Ghasia zikatokea mwezi wa Julai, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na amri ya matuta ikaachwa. Wako waliousimulia ukaidi huo kuwa ni uvivu au ujinga wa watu wasiojua faida yao. Maelezo hayo hayasimami. Watu wale wale, kwa miili ile ile, walikuwa wakishuka na kupanda mlima na mizigo yao kila juma. Na upande wa Mgeta kilimo cha mboga kwenye matuta ya ngazi kilishika na kimedumu, kwa kuwa mboga zilipata soko. Hawakukataa uzito. Walikataa kuutumia mwili kwa kitu ambacho hawakuulizwa kama wakitaka, na ambacho matunda yake hawakuyaona. Aliyesema wakati ule kwamba Mluguru amezoea kazi ngumu angekuwa amesema kweli, na kweli hiyo isingemsaidia kuelewa lolote la yaliyotukia.

Yupo atakayepinga hapa, naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema kwamba swali halipunguzi kilo hata moja. Mwanamke aulizwe au asiulizwe, mkungu ni ule ule, na mwenye njaa hahitaji mwanafalsafa wa kumsaili njiani. Pingamizi hili lina nguvu, na lingekuwa na nguvu zaidi kama maswali yangekuwa maneno tu. Lakini swali la kweli lina gharama kwa anayeuliza, maana humfunga kwa jibu. Daktari akimwuliza mgonjwa wa nyonga anabeba nini, kwa njia ipi, na mara ngapi kwa juma, hawezi tena kuandika "uzee" na kumpa vidonge vya maumivu kwa moyo mtulivu. Mwenye kupanga barabara akiuliza mizigo hupita wapi, atajua kwamba pikipiki ifikayo mwisho wa njia ya gari huacha bado sehemu iliyo kali kupita zote. Mnunuzi akiuliza ndizi imetoka wapi, huenda akaona haya kidogo kushindania shilingi mia. Huenda asione, lakini kwanza alikuwa hana hata la kuonea haya.

Na tiba ipo. Mwaka 1962 John Charnley, daktari wa mifupa katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, alianza kutumia kikombe cha plastiki ngumu na kichwa cha chuma kuwa badala ya nyonga iliyokufa, baada ya jaribio lake la kwanza la plastiki ya aina nyingine kushindwa vibaya na kuwarudisha wagonjwa wengi mezani pa kupasuliwa. Tangu hapo mamilioni ya watu duniani wameinuka na kutembea. Tanzania ina Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996, na nyonga hubadilishwa hapo. Ipo Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 190 kutoka Morogoro. Safari hiyo si ndefu kwa gari wala kwa treni. Iliyo ndefu ni ile itanguliayo, kutoka kijijini mlimani mpaka kwenye chumba ambamo mtu atamwambia mgonjwa kwamba uchungu wake una jina. Na wengi hawaianzi, kwa sababu wao wenyewe wamekwisha kufundishwa lile neno. Ukimwuliza mama mzee habari za kiuno chake atasema, "Nimezoea, mwanangu." Amelipokea kutoka kwa watazamaji wake, akajivika.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba huruma ndiyo iliyopungua. Huruma ina uhodari wake wa kujibu kwa niaba ya watu. Mwenye huruma humtazama mchukuzi akasema, "Masikini!" na neno hilo nalo hufunga mlango kama lile la kwanza, ila kwa sauti ya upole. Yamkini mwanamke yule haoni umasikini katika safari yake. Yamkini kuna mazungumzo ya njiani ambayo hayasemwi nyumbani, kuna fedha ambazo hazipiti mkononi mwa mume, kuna fahari ya kufika na mkungu usiochubuka hali kijana mwenye nguvu angeuangusha mara tatu. Mtelezaji wa Oberstdorf akisema kwamba hupenda mchezo wake ingawa unamla, husadikiwa. Mchukuzi wa Uluguru akisema neno hilo hilo hudhaniwa kwamba hajui lililo jema kwake. Na akisema kinyume, kwamba angeuacha mzigo huo leo kama angepata njia, hudhaniwa kwamba analalamika. Ni vigumu kupata nafasi ya kusema kweli baina ya watazamaji wawili ambao kila mmoja ana jibu lake mfukoni.

Jua likiwa limekwisha kupanda, safu hufika sokoni. Mizigo hutuliwa kwa kusaidiana, maana kuushusha mkungu pasipo kuuchubua ni kazi ya watu wawili. Mwanamke hunyoosha mgongo, huweka mkono kiunoni kwa muda mfupi, kisha huuondoa mteja akaribiapo. Mteja humwuliza bei.